Jinsi ya Kukamata Jozi ya DNA Ikifunguka, Ukiwa Butembo na Bila Sumaku kwa Sasa

Mdogo wangu, kama umeamua kuiona jozi ya besi za DNA ikifunguka na kujifunga, na unaishi kati ya Beni na Butembo, usianze kwa kuuza shamba la kahawa la baba ili ununue sumaku. Sumaku itakuja baadaye. Anza na kilichokwisha kufanyika hapa hapa, maana kazi hii ina nusu mbili, na nusu ya kwanza miji yetu imeshaifanya kwa gharama ambayo maabara nyingi za Ulaya hazijawahi kulipa.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, habari zikianzia Mangina, karibu na Beni. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Katika miezi hiyo yote sampuli za damu ziliingizwa kwenye mashine ndogo ya mezani iitwayo GeneXpert, na jibu lilitoka kwa muda unaokaribia saa moja na dakika arobaini. Fikiria kilichokuwa kinatendeka ndani ya kile kisanduku. Kirusi cha Ebola hubeba RNA. Mashine huinakili RNA hiyo kuwa DNA, huipasha joto la nyuzi zaidi ya 90 mpaka nyuzi mbili za DNA ziachane, kisha huipoza ili vipande vifupi vilivyotayarishwa vishikamane na mahali vinapolingana, na kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Kila "positifu" na kila "negatifu" iliyosubiriwa na mama nje ya uzio wa kituo cha matibabu ilikuwa habari ya jozi za besi kufunguka na kufungana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza umeshaipita bila kujua. Hatua ya pili ni kuuliza: jozi hizo hufanya nini zikiachwa zenyewe, bila mtu wa kuzichemsha?

Vitabu vya sekondari huchora adenini ikishikana na timini kwa vifungo viwili vya hidrojeni, guanini ikishikana na sitosini kwa vitatu, na mchoro unakaa kimya kwenye karatasi. DNA iliyo hai haikai kimya. Kila jozi hufunguka yenyewe, mchana na usiku, katika joto la kawaida la mwili, na hata katika ubaridi wa asubuhi ya Butembo. Kupima kufunguka huko ni kazi ya resonansi ya sumaku ya viini, ile ambayo kwetu Kongo hufupishwa RMN.

Ujanja wake unategemea protoni moja. Katikati ya kila jozi kuna protoni iitwayo ya imino, mali ya guanini au ya timini, iliyobanwa kati ya besi mbili. Ukiiweka DNA ndani ya sumaku kali na kuipiga kwa mawimbi ya redio, kila protoni hujibu kwa masafa yake. Zile za imino hujibu peke yao, kati ya 12 na 14 kwenye kipimio cha sehemu kwa milioni, mbali na maji ambayo hujibu karibu na 4.7. Ukisoma mchoro wa eneo hilo unahesabu jozi moja moja: ishara moja, jozi moja. Na kwa kuwa maji yamezunguka pande zote, protoni hiyo ingependa kubadilishana na protoni ya maji, ila haiwezi mpaka jozi ifunguke.

Chukua duka la pale katikati ya mji. Limefungwa usiku kucha na mchana kutwa, na katika saa ishirini na nne linafunguliwa kwa muda usiofika sekunde moja. Huo ndio uwiano wa jozi ya A na T: kati ya sehemu laki moja za muda wake, iko wazi kwa sehemu moja hivi, na jozi ya G na C iko wazi kwa muda mfupi zaidi. Mteja mmoja akipita mara moja moja hatalikuta wazi, na ukihesabu manunuzi yake utadhani duka halifunguliwi kabisa. Sasa panga wateja mia mlangoni. Kila linapofunguliwa, mmoja ananunua. Ukihesabu manunuzi sasa, unahesabu mafunguo yenyewe. Mteja wa jozi ya DNA ni kichocheo, kwa kawaida amonia, na waliopanga foleni hiyo kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu ni Maurice Guéron, Jean-Louis Leroy na wenzao wa École Polytechnique, Palaiseau, Ufaransa, katika miaka ya 1980. Kabla ya kazi yao, iliyochapishwa mwaka 1987, watu walikuwa wakihesabu manunuzi na kuyaita mafunguo, na wakaamini jozi hudumu muda mrefu kuliko inavyodumu kweli. Waliposahihisha, ikaonekana kwamba jozi ya A na T mara nyingi hudumu milisekunde 1 hadi 5 kabla ya kufunguka, na ya G na C takriban 10 hadi 50.

Ninaipenda hesabu hii kuliko nyingi nilizosoma. Kitu kinachobeba urithi wa ukoo wako wote hufunguka kila mahali, mara mia kwa sekunde, na bado kinashika.

Kabla ya kuendelea na vifaa, waeleze majirani. Hili usiliache mwisho. Jina kamili la mashine yako kwa Kifaransa lina neno nyuklia, na nchi iliyotoa urani ya Shinkolobwe, urani iliyotumika kutengenezea bomu la Hiroshima, ina haki ya kushtuka ikisikia neno hilo. Eleza kwamba hakuna mionzi ya sumu wala kitu kinacholipuka. Kiini kinachosemwa ni kile cha kila atomu, kikiwemo cha hidrojeni iliyo kwenye maji ya kunywa. Mashine ya IRM inayopiga picha za ubongo hospitalini hutumia kanuni ile ile, na ilikuwa na neno nyuklia katika jina lake mpaka walipoliondoa ili wagonjwa wasiogope. Eleza kwa Kiswahili na kwa Kinande, redioni, Radio Moto ikikupa nafasi, kanisani, na kwa wazee wa mtaa, kabla kreti halijafika. Wakati wa Riposti, ile kampeni ya kupambana na Ebola, magari yalifika kabla ya maelezo. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu hapa Butembo. Tetesi peke yake hazikuleta yote hayo. Lakini zilipata nafasi pale ambapo hakuna aliyekaa na watu akajibu maswali yao mpaka yakaisha.

Na swali watakalokuuliza ni moja: itatusaidia nini? Usiahidi dawa. Waambie ukweli wenye mfano wa hapa hapa. Kuanzia Novemba 2018 wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika jaribio lililoitwa PALM, wakapewa kwa kura moja ya dawa nne. Mojawapo, remdesivir, ni udanganyifu wa jozi za besi: inajifanya adenini, kimeng'enya cha kirusi kinaichukua na kuipachika mkabala wa besi inayolingana nayo, na baada ya hatua chache unakili unakwama. Kwenye karatasi ilikuwa hoja nzuri. Wodini, asilimia 53.1 ya waliopewa remdesivir walifariki ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3, ambazo ni kingamwili, na Agosti 2019 kura ikasimamishwa ili wagonjwa wapewe zile mbili zilizoshinda. Ile mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa hiyo watu wetu wameshajua, kwa miili yao, kwamba kulingana kwa besi peke yake hakutoshi. Lazima ujue jozi inafungwa kwa kasi gani, inadumu muda gani, na wakati gani kosa linapita. Maswali hayo matatu ni ya muda, na RMN ni saa yake.

Kosa linapita vipi? Hapo kuna kazi ya Hashim Al-Hashimi na kundi lake nchini Marekani, na ningekuomba uisome mara mbili. Mwaka 2011 walionyesha kwamba ndani ya DNA ya kawaida, jozi kadhaa kati ya elfu huwa zimegeuka kwa muda mfupi: besi kubwa inapinduka na kushikana na mwenzake kwa upande mwingine, namna ambayo Karst Hoogsteen aliiona kwenye fuwele mwaka 1959. Hukaa hivyo kwa muda wa milisekunde moja au pungufu, kisha inarudi. Baadaye wakaonyesha kwamba G na T, ambazo hazipaswi kuoana, mara chache sana hubadilisha mahali pa protoni moja na kufanana kabisa na jozi halali. Kimeng'enya cha kunakili kikikuta wamekaa namna hiyo, kinawapitisha. Baadhi ya mabadiliko ya urithi huanzia kwenye kitambo hicho kidogo cha protoni kuhama. Kwetu mabadiliko hayo yana uzito, maana ni kwa kuyahesabu ndipo wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoongozwa wakati huo na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walitambua kwamba Ebola iliyorudi katika eneo la Butembo Februari 2021 ilitokana na mlipuko uliotangulia, wala haikutoka upya porini. Kirusi kilikuwa kimejificha katika mwili wa mshindi mmoja wa ugonjwa. Kirusi kisichonakiliwa hakikusanyi makosa, na uchache wa makosa ndio uliofichua kilikotoka.

Haya, sumaku. Hapa ikweta inapita kusini kidogo tu ya mji, na uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu kuliko karibu na ncha zake: mikrotesla thelathini na kitu. Katika uga huo protoni hujibu kwa mizunguko kama elfu moja na mia nne kwa sekunde, na protoni za imino haziwezi kutenganishwa na za maji. Unahitaji tesla 14 hivi, zaidi ya mara laki nne ya kile Mungu alichotupa bure, ili protoni ijibu kwa megahezi 600.

Mfuate mfanyabiashara wa Butembo mwenye uzoefu wa kuleta makontena kutoka Dubai na Guangzhou, yanayoshuka Mombasa, kuvuka Uganda na kuingia kwa Kasindi. Msalimie kwa utaratibu, umwite Papa, usikimbilie shida yako. Ukishamwambia, atauliza uzito. Mwambie tani moja au zaidi. Atauliza umeme, maana mji huu ulikaa miaka mingi ukiishi kwa jenereta na anajua bei ya mafuta kuliko wewe. Hapo utamfurahisha: sumaku yenyewe haihitaji umeme. Waya wake wa niobi, ukishapozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri na kujazwa mkondo mara moja, unazungusha mkondo huo mwaka hadi mwaka bila kuongezwa. Umeme unahitajika kwa kompyuta, kwa kipaza mawimbi na kwa kudhibiti joto la sampuli. Jenereta ikizimika saa nane usiku, uga wa sumaku unabaki pale pale.

Kinachohitajika bila kukosa ni baridi. Sumaku inakaa ndani ya heli ya kimiminika, nayo imezungukwa na nitrojeni ya kimiminika. Nitrojeni huongezwa kila wiki moja au mbili, heli kila baada ya miezi kadhaa, na heli ikiisha waya hupoteza sifa yake na uga wote huondoka kwa mvuke mkubwa wa ghafla. Usikubali mtu akuambie kwamba baridi ya namna hiyo haiwezi kutunzwa Kivu Kaskazini. Chanjo ya Ebola ilipaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na ilifika Beni na Butembo, ikatoka tena hadi vijijini kwenye vyombo maalumu, na zaidi ya watu laki tatu wakachanjwa. Heli ni baridi zaidi, lakini waliobeba chanjo ile ni vijana wa hapa na bado wapo. Heli nyingi ya dunia hutoka Marekani na Qatar. Na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ipo ardhini kwenye bonde la Rukwa, Tanzania, katika mkono ule ule wa magharibi wa Bonde la Ufa unaopita mashariki ya Beni.

Ukipata jengo, liwe mbali na barabara. Chuma kinachotembea hutikisa uga, kwa hiyo kila pikipiki inayopita na kila lori la mbao litaonekana kwenye mchoro wako.

Wakati sumaku iko njiani, au bado iko kwenye ndoto, tengeneza sampuli. Unaweza kutoa DNA kwenye ndizi kwa chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti baridi, na uifanye mbele ya wanafunzi maana kuona zile nyuzi nyeupe zikielea kunabadilisha mtoto. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo. Iache iwe ya wageni. Lakini DNA ya ndizi ni ndefu mno kwa RMN, ishara zake hupanuka na kupotea. Kwa kipimo unahitaji kipande kifupi kilichoundwa maabara. Kizuri cha kuanzia ni CGCGAATTCGCG, chenye jozi 12, kilichochunguzwa na watu wengi tangu umbo lake lilipochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miligramu tatu au nne katika nusu mililita zinatosha. Kikikaushwa kuwa unga husafiri bila barafu, hata kwenye begi la mgongoni. Kiyeyushe katika maji ya kawaida sehemu tisa na maji mazito sehemu moja. Ukitumia maji mazito matupu, protoni za imino zitabadilishwa zote na utatazama mchoro mtupu. Na usishangae ukiona ishara tano wakati jozi ni 12: kipande hiki kinafanana pande zote mbili, kwa hiyo jozi ni sita zinazojirudia, na ile ya mwisho hufunguka mara nyingi mno hata ishara yake hufifia.

Na uanze kuchambua sasa, usingoje. Hazina ya data za RMN za molekuli za uhai, BMRB, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, iko wazi bila malipo. Programu ya NMRPipe ni ya bure. Kompyuta ya kawaida, bando la usiku na uvumilivu vinatosha kujifunza kusoma ishara zilizopimwa na wengine, ili siku unapopewa saa kumi kwenye mashine ya chuo cha nchi nyingine usizitumie kujifunza vitufe. Zipo pia mashine za mezani za megahezi 60 hadi 100 zisizotumia heli kabisa. Kwa protoni za imino ni dhaifu, lakini kwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Graben au chuo kingine chochote cha mjini ni mwanzo wa heshima, na ningefurahi kuona michango ya wafanyabiashara wetu ikienda huko.

Sasa umepewa saa zako kumi. Weka joto kwenye nyuzi 15, ambalo si mbali na hewa ya Butembo usiku, mji ukiwa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Zima ishara ya maji kwanza, kwa sababu protoni zake huzidi zako karibu mara laki moja. Tumia mapigo mawili ya kuruka na kurudi, ambayo Guéron huyo huyo na Pierre Plateau waliyabuni mwaka 1982. Geuza usumaku wa maji, subiri, tazama ishara ya imino inavyobadilika kadiri protoni zinavyohama. Andika muda wa ubadilishanaji. Ongeza amonia, rudia. Ongeza tena, rudia.

Kisha chora. Kwenye mhimili wa chini weka moja gawanya kwa kiasi cha amonia, kwenye wa wima weka muda wa ubadilishanaji. Nukta zitajipanga kwenye mstari ulionyooka. Mwinamo wake unakupa uwiano wa jozi iliyo wazi na iliyofungwa. Mahali mstari unapokata mhimili wa wima, pale ambapo amonia ingekuwa nyingi bila kikomo, pana muda ambao jozi yako hudumu kabla ya kufunguka. Ukipata milisekunde tatu kwa A na T, andika kwa wino. Ukipata mia, usifute haraka: adenini nyingi zikifuatana hudumu muda mrefu hivyo, na Leroy na wenzake waliliona hilo pia mwaka 1988. Lakini kwa kipande chenye adenini mbili tu, kagua kwanza pH, kwa kuwa amonia inayofanya kazi ni ile isiyobeba protoni ya ziada, na kwa nyuzi 25 na pH ya 9.25 hiyo ni nusu tu ya uliyomimina. Rekebisha hesabu, chora upya, kisha pandisha joto hadi nyuzi 25 na uanze tena.